Kinondoni ipime mtikisiko wake mtaa kwa mtaa

Usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, na watu wakatoka mbio kwenye maghorofa. Ukubwa huo hueleza nguvu iliyofunguka kwenye chanzo. Hauelezi, katika Manispaa ya Kinondoni jijini humo, ardhi ya Hananasif ilitikisika kiasi gani kuliko ya Oysterbay, ilhali kinachomwangushia mtu ukuta ni mtikisiko wa pale alipolala. Tope na mchanga wa bonde la Msimbazi, ilipo Hananasif, huweza kuukuza mtikisiko ambao kwenye mwamba wa matumbawe ungepita bila madhara. Mwaka 1985 chanzo cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka Jiji la Mexico, lakini majengo mengi yaliyosimama juu ya udongo wa ziwa la kale yaliporomoka.

Kwa sababu hiyo, vihisi vingi vya mtikisiko vya bei nafuu vingeifaa Kinondoni kuliko mtambo mmoja wa gharama kubwa. Ndani ya simu ya kisasa mna kipande kidogo mno cha silikoni kinachoning'inia. Simu ikisogea, kipande hicho hubaki nyuma kidogo, na umeme unaokizunguka hubadilika na kusomwa. Kihisi cha aina hiyo, kikifungwa barabara kwenye sakafu ya zege, hupima vizuri mtikisiko wa kudhuru watu. Tetemeko dogo la mbali hakilisikii, na hapo mitambo mikubwa bado inahitajika.

Wapo watakaosema malori na daladala za Barabara ya Morogoro zitavuruga vipimo. Lori halitikisi Tandale, Msasani na Kawe kwa wakati mmoja. Tetemeko hufanya hivyo, na kompyuta hulitambua kwa kulinganisha vituo. Tena vihisi vyenye usikivu zaidi, ambavyo navyo si ghali, huitumia kelele hiyo ya kila siku kuonyesha ni wapi udongo laini unakuza mitetemo, kabla tetemeko lolote halijatokea. Kuhusu ubora wa takwimu, Haiti imeshajibu: tetemeko la 7.2 la Agosti 14, 2021 lilikuta mitambo ya taifa haifanyi kazi, na vyombo vidogo vilivyowekwa na wananchi tangu 2019 ndivyo vilivyowapa wanasayansi vipimo vya karibu na chanzo.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mafuriko na malaria vinatuua kila mwaka, matetemeko mara chache. Ni kweli, na fedha za kupambana na hayo zisiguswe. Lakini Bukoba nayo haikuwa ikilitarajia tetemeko la Septemba 10, 2016, lililoua watu wasiopungua 17 na kujeruhi mamia. Vihisi havitabiri tetemeko. Vinaonyesha, dakika chache baadaye, mtaa upi umetikiswa zaidi, ili Hospitali ya Mwananyamala ijue pa kuelekeza magari ya wagonjwa. Manispaa ianze na shule na zahanati za bondeni, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana wa kuifanya kazi hiyo wapo: kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walishachora ramani za mafuriko za jiji hili.