Reli Iliyojengwa Ili Kuuza Viwanja

Uhai wa reli hautegemei chuma chake tu, bali hutegemea pia nia ya mwenye nayo. Fundisho hili twalipata Los Angeles, Marekani. Huko, mwaka 1901, tajiri Henry Huntington alianzisha kampuni ya Pacific Electric, iliyoendesha treni za umeme baina ya mji na mji. Reli zake zilipita kilomita 1,600, na maelfu ya wafanyakazi walizitegemea. Lakini faida kubwa ya tajiri huyo ilitoka katika viwanja alivyouza kandokando ya reli, siyo katika nauli. Viwanja vikauzwa, motokaa zikajaa katika barabara zilizojengwa kwa fedha za umma, njia za treni zikafungwa moja baada ya moja. Umma ulipozichukua zilizosalia, mwaka 1958, zilikuwa zimekwisha dhoofu. Ya mwisho, iliyokwenda Long Beach, ilifungwa mwaka 1961.

Mwaka 1990 treni ya umeme ilirudi Long Beach, sehemu kubwa katika njia ile ile ya zamani. Nani aliyelipia kujengwa kwake upya? Ni mwananchi, kwa kodi yake. Ndiyo maana twasema: safari ya mfanyakazi isifanywe chambo cha biashara ya mwingine.