Kabla Hujalipia Kipakatalishi

Sisi tulio kidato cha tatu mwaka huu wa 2026 ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, na mwakani tutaikalia KCSE. Baada ya hapo ni vyuo, na huko kazi nyingi haziandikwi kwa kalamu. Ndipo nikaona niandike juu ya ununuzi wa kipakatalishi, si kwa mwenye pesa nyingi, la, bali kwa mtu ambaye mfuko wake ni mwembamba kama wetu.

Kwanza neno lenyewe. Kipakatalishi limetokana na kupakata, vile mama anavyompakata mwanawe mapajani, likaunganishwa na tarakilishi. Ni neno tamu na mimi nalipenda. Lakini nenda Moi Avenue uulize bei ya kipakatalishi uone vile muuzaji atakavyokukodolea macho! Kwa hivyo humu nitasema pia laptopu, na walimu wangu waniwie radhi.

Mama yangu huuza mboga. Mwezi wa Aprili zamu yake ya chama ilifika, akapokea shilingi 30,000, akasema zote ni za laptopu ya dada yangu aliyeitwa chuoni kusomea uhasibu. Elfu thelathini! Hizo ni sukuma wiki za asubuhi ngapi? Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma somo la Kompyuta, nikatwikwa mzigo wa kupeleleza. "Wewe ndiye msomi hapa," mama akaniambia, "usikubali watuuzie mbuzi kwenye gunia." Hakuwa akitania. Mwaka uliotangulia binamu yetu aliuziwa mbuzi huyo, na habari zake nitazieleza mbele.

Swali la kwanza tulilobishania nyumbani ni hili: mpya au iliyotumika? Dada alitaka mpya, ndani ya boksi, yenye karatasi ya nailoni bado juu ya skrini. Tulionyeshwa moja iliyolingana na pesa zetu. Ilimeremeta kweli, lakini ndani ilikuwa na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Sasa tazama: Windows 11 yenyewe yahitaji RAM isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64. Yaani mashine hiyo ilikuwa imefika kikomo chake kabla dada hajaandika hata barua moja. Isitoshe, RAM ilikuwa imechomelewa, haiongezwi. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Iliyotumika ni ile wafanyabiashara wanayoiita "ex-UK". Kampuni na ofisi za ng'ambo hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka kadhaa, si lazima ziwe zimeharibika, na zile za zamani huuzwa kwa shehena zikafika hadi huku kwetu. Kama ni ya Uingereza kweli utaitambua kwa kibodi: juu ya tarakimu 3 pana alama ya pauni, na alama ya @ iko upande wa kulia karibu na kitufe cha Enter. Plagi yake pia ni ya miguu mitatu kama yetu. Ukiona herufi Z imekaa mahali pa Y, hiyo ilitoka Ujerumani au nchi jirani, na hata ikibandikwa vibandiko vya herufi, vitaanza kubanduka siku moja ukiwa katikati ya kazi.

Kuhusu jina la kampuni, watu mtaani hubishana kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Huyu HP, huyu Dell, yule Lenovo. Kwa maoni yangu wanabishania kitu kidogo. Kampuni moja hutengeneza mashine za nyumbani za bei nafuu na pia mashine za kazi za ofisini, na hizo mbili ni kama mbingu na ardhi. Majina ya kutafuta ni ya zile za kazi: EliteBook ya HP, Latitude ya Dell, na ThinkPad ya Lenovo, ambayo ilianza kwa IBM mwaka wa 1992 kabla ya Lenovo kununua biashara hiyo mwaka wa 2005. Zina mwili mgumu, nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, na kwa sababu zimejaa mjini, fundi akitafuta kibodi au skrini yake haranderandi wiki nzima. Rangi na wembamba wa mashine sina la kusema.

Jambo kubwa ni kizazi cha prosesa. Hapa ndipo wengi huchezewa shere, kwa hivyo naomba msomaji unisikilize vizuri.

Muuzaji atakwambia, "Hii ni i7, hiyo ingine ni i5 tu." Nawe utadhani saba ni zaidi ya tano basi mambo yamekwisha. Sivyo. Prosesa za Intel za miaka hiyo zina jina refu, kwa mfano i7-6600U na i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: ya kwanza ni ya kizazi cha 6, ya pili ni ya kizazi cha 8. Ikianza na 10, 11 au 12, hicho ndicho kizazi chake. Sasa, ile i7-6600U ina viini viwili vya kufanyia kazi, ilhali i5-8250U ina vinne. Kumbe i5 ndiyo yenye nguvu! Ni kama kuona matatu imeandikwa jina kubwa ubavuni na injini yake ni mzee.

Tena kuna shida kubwa kuliko hiyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani yale marekebisho ya bure ya kuziba mianya ya usalama. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, yakubali rasmi kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa prosesa chache za kabla ya hapo. Ndiyo maana laptopu za kizazi cha 6 na cha 7 ziko tele na bei yake yavutia. Wapo wanaotia Windows 11 kwa njia za panya, kisha wanakuuzia kana kwamba ni ya halali. Itawaka, itapendeza, lakini Microsoft haijakuahidi kwamba itaendelea kupata marekebisho. Kama pesa zako ni za kizazi cha 6 tu, basi iulizie Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo ni ya bure, na uandikie kazi zako kwa LibreOffice. Mimi nimeijaribu katika chumba chetu cha tarakilishi na si mbaya hata kidogo. Dada yangu ilimkataa kwa sababu programu za uhasibu walizotajiwa chuoni ni za Windows.

Usidanganywe na jina lililo mgongoni pia. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6. G5 na ThinkPad T480 mara nyingi ni za kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka kiwandani na kizazi cha 7. Bonyeza alama ya Windows, andika "About", usome jina la prosesa kwa macho yako mwenyewe.

Pamoja na kizazi hicho, tafuta RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Diski za zamani zinazozunguka, HDD, ni polepole na haziogopi tu vumbi, huogopa hata kuanguka kutoka kitandani. Afadhali SSD ya GB 256 kuliko HDD ya GB 500.

Tuje kwenye majaribio, yanayofanywa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Betri ndiyo huficha maradhi. Mwombe muuzaji afungue dirisha jeusi la amri, uandike powercfg /batteryreport. Mashine itaandika ripoti na kukuambia ilipoihifadhi. Ifungue utafute mistari miwili: uwezo wa betri ilipotengenezwa, na uwezo wake wa sasa inapojaa. Moja tuliyoipima ilitengenezwa na 46,000 na sasa ilishika 24,000, nusu na kidogo tu. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba inakaa saa sita. Hatukugombana naye, tulimwonyesha tu ripoti, akasema, "Mama, hiyo tutakubadilishia betri." Umeona? Bila ripoti, betri hiyo angeibadilisha nani?

Kisha fungua notepadi ubonyeze kila herufi, hata zile usizozipenda kama Q na X. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Fungua kamera, cheza wimbo, weka skrini nyeupe tupu utafute madoa. Shika skrini uifungue na kuifunga taratibu usikilize bawaba.

Halafu kuna jaribio ambalo lingemwokoa binamu yangu. Alinunua laptopu nzuri kwa shilingi 22,000 katika duka moja la ghorofani hapa mjini. Ilifanya kazi wiki tatu. Siku moja akaisafisha yote ili aanze upya, na ilipounganishwa na intaneti skrini ikaandika jina la kampuni ya ng'ambo na kumtaka aingie kwa anwani ya mfanyakazi wa huko. Kumbe mashine ilikuwa bado imeandikishwa kwa wenyewe wa kwanza! Hakuna fundi aliyeweza kuifungua kihalali. Dukani akaambiwa, "Risiti inasema bidhaa ikiuzwa hairudi." Laptopu hiyo iko chini ya kitanda mpaka leo.

Basi fanya hivi. Izime, iwashe tena huku ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, au F1 kwa ThinkPad. Ukiombwa nywila hapo na muuzaji haijui, shika njia. Pia mwambie aisafishe na kuianzisha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti tangu mwanzo. Huchukua muda, hata saa nzima, lakini ni saa moja kwa elfu thelathini za mama.

Na hapo ndipo utakapomjua muuzaji. Sisi tuliingia maduka manne. La kwanza tulikatazwa kugusa. La pili jamaa alikubali tuguse lakini si kuizima. Sikumdhania wizi, ila nilijiuliza kwa nini mtu aogope mashine yake kuzimwa. Kuna pia wale vijana wa barabarani wanaokushika mkono, "Customer, kuja nikuonyeshe," wakupeleke duka ambalo si lao. Hao hulipwa kwa kukupeleka, na malipo yao utayakuta ndani ya bei.

Hakikisha risiti ina jina la duka, tarehe, jina kamili la mashine, na nambari yake ile iliyo chini ya mgongo, ili kesho usiambiwe kwamba siyo hii uliyonunua hapa. Dhamana iandikwe: ni miezi mingapi, na je, betri na chaja zimo? Ya mdomo ni upepo. Lipa kwa nambari ya till ya duka, si kwa simu ya mtu binafsi, maana ule ujumbe wa M-Pesa utakaokuja na jina la duka ni shahidi wako. Ukinunua mtandaoni kwa mtu usiyemjua, usitume pesa kabla hujaiona mashine.

Kuhusu yale maneno ya "bidhaa ikiuzwa hairudi", hayaifuti Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na ipo pia Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na hulazimiki kuwa na wakili. Binamu hakujua hayo, na risiti yake haikuwa na nambari ya mashine.

Neno kidogo juu ya kulipa polepole. Tuseme unatanguliza shilingi 10,000 kisha 100 kila siku kwa mwaka mmoja. Mia moja ni bei ya chakula cha mchana, lakini mara 365 ni 36,500, jumla 46,500. Uliza bei ya kulipa papo hapo kwanza, halafu utoe moja kwa nyingine.

Duka la nne lilikuwa la mama mmoja mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alituachia ThinkPad T480 ya kizazi cha 8 kwa saa moja na nusu. Mashine hiyo huwa na betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma inayochomolewa kwa mkono, kwa hivyo ya nyuma ikichoka dada ataibadilisha bila fundi. Alitaka 31,000, mama akamshusha hadi 29,500, dhamana ya miezi sita ikaandikwa. Zile 500 zilitupeleka nyumbani na kutununulia mkate.

Mwenye kutaka kupimiwa mashine kabla ya mzazi wake kulipa, anipate chumba cha tarakilishi siku ya Jumatano baada ya masomo. Aje nayo pamoja na chaja yake.