Wizi wa programu vyuoni una mzizi
Mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hathubutu kuiba kitabu maktabani hunakili programu ya kompyuta bila leseni, kisha akalala fofofo. Kwa jicho la mwanaisimu, naona kwamba neno lenyewe humsaidia: hasemi “nimeiba” bali “nimekopi”. Mwenye mali hakupungukiwa na kitu, basi dhamiri haimsuti. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu kuwa kazi ya maandishi, sawa na riwaya.

Lakini tusimlaumu mwanafunzi peke yake. Mhadhiri anapoagiza takwimu za tasnifu zichanganuliwe kwa SPSS, ilhali chuo hakijanunua leseni za kutosha, amemwachia njia gani?

Dawa ipo. R huchanganua takwimu. LibreOffice hutumika kuandikia. Nayo Praat, iliyoundwa na Boersma na Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huchanganua sauti za lugha. Zote hutolewa bure kwa idhini ya waundaji wake. Walimu wenzangu, tuziagize hizi madarasani kabla ya kuhubiri uaminifu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.