Kiwanja cha Bei Poa, Hatua 31 Kutoka Mtoni

Kuna simu ukipokea tu unajua leo mume wangu ana jambo. Nilikuwa saluni, kichwa kiko kwenye draya, mzee akapiga: "Mke wangu, nimetupatia kiwanja Kinyerezi. Milioni 12!" Vya jirani vilikuwa vinauzwa 25. Nilifurahi kama mtoto, sitaki kudanganya. Miaka minne ya kupanga Tabata siyo mchezo.

Jumamosi tukaenda. Pazuri, jamani! Upepo, miembe, na chini kabisa Mto Msimbazi, siku hiyo kijito cha kuruka bila kuvua viatu. Dalali naye maneno hayamwishi: "Shemeji, hapa unaweka kibaraza, jioni mnakunywa chai mnaangalia bonde." Mimi nikaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye mnyaa wa mpaka mpaka ukingoni. Thelathini na moja. Tena hatua zangu mimi, wa visigino.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na ufukwe wa bahari au ziwa vilevile. Nilikuwa naijua kwa sababu ya bomoabomoa ya Desemba 2015 kwenye bonde hilohilo, kule chini Mkwajuni. X nyekundu ukutani, kisha tingatinga, na familia zimekaa nje na makochi yao. Wapo waliokuwa na umeme, maji, hata risiti za kodi ya majengo. Lakini risiti ya LUKU siyo kibali cha ujenzi.

Na hizo mita 60 siyo roho mbaya ya watu wa ofisini. Mto wa mjini haukai pale ulipouacha. Huko juu tunamwaga zege, tunaezeka mabati, tunafyeka nyasi. Mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanashuka yote kwa pamoja na kula kingo. Wachimba mchanga nao wanamalizia. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na waliokosa makazi wakahamishiwa Mabwepande.

Ndani ya gari nikasema, "Hapa tusinunue." Kimya. Halafu, huku akiangalia usukani: "Nimeshatoa advansi." Milioni tatu, kutoka akaunti yetu ya pamoja!

Shoga yangu, mto niliusahau palepale. Siku nne tuliongea kupitia mtoto: "Mwambie baba chakula kipo mezani." Siku ya tano alirudi kazini mapema, akakaa kitandani na viatu. Alikuwa amekwenda mwenyewe ofisi ya mipango miji ya manispaa, wakamwonyesha kwenye ramani kwamba pale ni bonde, kibali hakitoki. "Nilitaka na mimi siku moja nikushangaze," akasema. Sikuwa na jibu. Nikampa chai.

Kwa hiyo ninyi mnaotafuta kiwanja wikiendi hii, anzieni mipango miji, siyo kwa dalali. Ulizeni eneo limepangwa kwa matumizi gani kabla shilingi haijatoka. Muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia kwamba mmeuziana, haugeuzi bonde kuwa makazi. Na muende wawili, tafadhali.

Dalali alirudisha laki nane, baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Sasa tuna kiwanja Chanika, mbali mpaka mama mkwe analalamika, ila kimepimwa, kina hati, na mchoro wetu umepitishwa. Kibaraza kitatazama ukuta wa jirani.

Baada ya mvua kubwa zilizofuata nilimwomba mzee tupitie Kinyerezi. Tulisimamisha gari palepale. Ule mnyaa wa mpaka hatukuuona tena.