"Sina na kazi": neno moja, hesabu mbili

Hapa Lubumbashi, mama anayeuza makala kutwa nzima ukimuuliza, atakujibu: "Sina na kazi." Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani anayo: aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika juma hahesabiwi kuwa mkosa kazi.

Je, mama anakosea lugha? Sioni hivyo. Tangu enzi za Union Minière, kazi katika mji huu ni ile yenye mushara, posho, nyumba na hospitali. Kazi hiyo mtu haipati kwa bidii peke yake. Mwajiri huajiri pale tu mali inapozalishwa na kuuzika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 hivi za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji ukaanguka, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa jina la "kuondoka kwa hiari". Walibaki na ujuzi wao, bila mnunuzi.

Kwa hiyo sisi tunaotafsiri madodoso tusiulize "Una kazi?" Tuulize: "Juma hili ulifanya nini kupata pesa? Je, unatafuta kazi ya mushara?" Majibu hayo mawili ni lazima yahesabiwe mbalimbali.