Kuhama London na watoto: tazama skuli kabla ya nyumba

Kila inapokaribia likizo ya kiangazi, simu za jamaa zetu walioko London huwa na habari moja. Kodi imepanda tena, mwenye nyumba anaitaka nyumba yake, watoto wamekuwa wakubwa na bado wanalala wanne chumba kimoja. "Kaka, huko Milton Keynes nyumba zipo?" Swali ni hilo hilo, jina la mji ndilo hubadilika: leo Milton Keynes, kesho Northampton, keshokutwa Coventry, Leicester au Birmingham. Ni nadra kumsikia mtu akiulizia skuli. Kwa wengi wetu skuli ni jambo la kushughulikiwa baada ya mizigo kushushwa na vitanda kufungwa.

Fikra hiyo tumekuja nayo kutoka nyumbani. Kwetu mtoto huandikishwa skuli ya mtaani, na mzee mwenye uwezo hulipa ada ya skuli binafsi, gari likamfuata mtoto asubuhi mlangoni. Nyumba ni jambo moja, skuli ni jambo jingine. England (tunasema England kwa makusudi, kwani Scotland na Wales wana taratibu zao) mambo haya mawili hayatengani. Anwani unayoitia saini ndiyo inayokupa skuli, au inayokunyima.

Juu ya hayo, wengi wetu hatujawahi kuchagua mtaa maishani mwetu tangu tutoke. Aliyekimbilia Shimoni baada ya kadhia ya Januari 2001, kisha akafika Uingereza, alikuta utaratibu ulioanza Aprili 2000 wa kuwatawanya waomba hifadhi nje ya London. Ukiambiwa Glasgow, unakwenda Glasgow. Ukiambiwa Hull, unaitafuta Hull kwenye ramani. Mtu aliyeishi miaka kwa kupangiwa, siku anayopewa nafasi ya kuchagua huangalia kile alichokikosa zaidi, nacho ni chumba. Hatumlaumu. Lakini mtoto wake ndiye atakayelipa.

Tuanze na hesabu ya viti. Mtoto anayeingia darasa la kwanza la sekondari, yaani mwaka wa 7 akiwa na umri wa miaka 11, maombi yake hufungwa tarehe 31 Oktoba ya mwaka uliotangulia, na majibu hutoka tarehe 1 Machi. Kwa wadogo wanaoanza skuli ya msingi mwisho ni tarehe 15 Januari na majibu ni tarehe 16 Aprili. Maombi hupitia halmashauri ya mji unaoishi, ile tunayoiita kansili, hata kama skuli unayoitaka iko katika mji mwingine. Kwa hiyo familia inayotaka kuhama na ina mtoto wa mwaka wa 6 ina sababu nzuri ya kuwa imeshatia saini mkataba wa nyumba mpya kabla ya mwisho wa Oktoba. Ukihama Februari, jina la mwanao litahesabiwa baada ya waliowahi, na skuli zinazosifiwa mara nyingi huwa zimeshajaa.

Anayehama katikati ya masomo ana safari nyingine. Hapo hakuna tarehe ya mwisho, kuna viti vilivyobaki tu. Katika madarasa matatu ya chini kabisa ya skuli ya msingi sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na kikomo hicho hakivukwi kwa kubembeleza. Kila mtoto huombewa peke yake. Kuwa na ndugu katika skuli kwa kawaida humpa mtoto kipaumbele, lakini kipaumbele si kiti. Mama mwenye watoto wanne anaweza kupewa skuli tatu tofauti katika pembe tatu za mji, zote zinaanza kabla ya saa tatu asubuhi, na yeye gari hana.

Sasa hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Halmashauri nyingi hazitaipokea anwani yako mpya mpaka uonyeshe mkataba, na wewe hutaki kuufunga mkataba mpaka ujue kiti kipo. Unadhani umefungiwa mlango pande zote mbili. Lakini kanuni za uandikishaji zinailazimu halmashauri imjibu mzazi yeyote anayeuliza ni skuli zipi zina nafasi katika eneo lake. Huhitaji kuwa mkaazi ili kuuliza. Unapiga simu ofisi ya uandikishaji, unataja madarasa ya watoto wako, unauliza mitaa gani ina viti vya watoto hao wote. Skuli zinazojiendesha zenyewe huzipigia moja kwa moja. Andika majibu pamoja na tarehe, maana kiti cha Jumatatu huenda kisiwepo Ijumaa.

Na dalali akikubana utoe pesa ya kuizuia nyumba, jua kwamba sheria ya 2019 inamruhusu kuchukua kodi ya wiki moja tu, na kwa kawaida mna siku 15 za kukamilisha mkataba. Siku hizo zitumie kwenye simu. Ukijitoa utaipoteza pesa hiyo, na inauma. Ila hasara ya kodi ya wiki moja ni ndogo kuliko mtoto kukaa nyumbani miezi miwili akitazama televisheni.

Tuchukue Milton Keynes kwa mfano, kwa kuwa ndio mji unaotajwa zaidi katika simu hizo. Ni mji uliobuniwa mwaka 1967 ili kuipunguzia London watu, na hadhi rasmi ya jiji umeipata mwaka 2022. Barabara zake kuu zimepangwa kama ubao wa dama, za wima zina herufi V na za ulalo zina herufi H, na kila mraba ni mtaa wake. Kuna zaidi ya kilomita 300 za njia za baiskeli na waendao kwa miguu, ziitwazo redways, kiasi kwamba mtoto anaweza kwenda skuli bila kukanyaga barabara kubwa. Hilo mgeni kutoka London hulifurahia. Asilolijua ni kwamba skuli nyingi za huko zina eneo lake lililochorwa kwenye ramani, na mpaka wa eneo unaweza kuwa ile barabara unayoivuka kwenda dukani. Nyumba mbili zenye kodi sawa, moja upande huu na nyingine upande ule, zinaweza kuwa na skuli mbili tofauti kabisa. Kisha kuna mitaa ambako skuli ya wadogo na skuli ya wakubwa wa msingi ni mbili mbali mbali, na mtoto huombewa upya akifika miaka 7. Mzazi asiyeuliza husubiri barua ambayo haiji.

Wapo wanaohamia huko kwa sababu wamesikia habari za skuli za kuchuja, zile zinazoingiwa kwa mtihani. Milton Keynes yenyewe haina hata moja. Zipo katika mkoa jirani wa Buckinghamshire, kama Royal Latin School ya mji wa Buckingham, na mtihani wake hufanywa Septemba mtoto anapoanza mwaka wa 6. Usajili wa mtihani huwa umefungwa kabla ya likizo ya kiangazi. Atakayefika Agosti amechelewa.

Pamoja na hayo yote, jambo linalotutia hofu kuliko mengine ni umri wa mtoto mkubwa. Mtoto wa miaka 6 akihamishwa atalia wiki moja, wiki ya pili atakuwa na rafiki. Mtoto wa mwaka wa 10, mwenye miaka 14 au 15, yuko ndani ya masomo ya GCSE ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili na hukatwa kwa mtihani wa Mei na Juni wa mwaka wa 11. Skuli hazifuati bodi moja ya mitihani. Moja inafuata AQA, nyingine Edexcel, nyingine OCR. Katika somo la fasihi ya Kiingereza skuli ya zamani imemsomesha Macbeth, skuli mpya iko nusu ya Romeo and Juliet, na mashairi ni mengine kabisa. Katika historia huenda kipindi alichokimaliza hakimo katika mtihani atakaoufanya. Somo alilolichagua, tuseme kompyuta au Kiarabu, huenda huko halifundishwi, au lipo lakini limejaa, akapewa chochote kilichobaki. Kazi za mkono za sanaa na ufundi zinazohesabiwa katika alama hazihami kirahisi.

Watoto wetu hawasemi. Wamezoea kuhama, na wamezoea kuona wazee wao wakihangaika, basi hunyamaza. Mzazi hushtuka Agosti matokeo yanapotoka, akadhani mtoto ameharibika kwa marafiki wapya. Kwa hiyo ushauri wetu, na tunausema bila kumumunya maneno, ni kwamba familia yenye mtoto wa mwaka wa 10 au wa 11 ikiweza isubiri. Isipoweza, mzazi aingie skuli mpya na karatasi yenye majina ya bodi na vitabu vya kila somo, amuulize mwalimu mkuu lipi litaendelea na lipi litaanza upya. Skuli zinajua mambo haya. Zinasubiri kuulizwa tu.

Ama kuhusu sifa za skuli, wengi bado wanatafuta lile neno moja la wakaguzi wa Ofsted, "bora kabisa" au "nzuri". Neno hilo liliondolewa kwa skuli za serikali Septemba 2024, na tangu Novemba 2025 ripoti mpya hutoa daraja kwa kila eneo: mafunzo, mahudhurio, tabia za wanafunzi, uongozi na mengineyo. Soma sehemu inayoeleza jinsi skuli inavyowachukua wanafunzi wenye mahitaji yao na wale wanaotoka katika shida. Nenda kautazame mlango wa skuli saa watoto wanapotoka. Dakika 20 za kusimama pale zitakueleza mengi ambayo dalali hakukueleza.

Kuna na suala la wenzetu. Miaka ya mwanzo ya 2000 Wasomali wengi walihama kutoka Uholanzi wakaenda Leicester, na sababu mojawapo ilikuwa kuwa karibu na watu wao, misikiti na madrasa. Hatuwezi kulidharau hilo. Siku ya msiba ndiyo utakayojua thamani ya kuwa na jamaa mji mmoja. Ila mji mmoja si lazima uwe mtaa mmoja. Madrasa ya jioni unaweza kuifuata kwa gari robo saa, na harusi haziko kila siku. Skuli ni siku tano kwa wiki, na inafaa iwe karibu kuliko vyote.

Hesabu ya pesa tutaipitia haraka. London watoto wote wa skuli za msingi za serikali wanakula bure tangu Septemba 2023, na vijana wa sekondari hupanda basi bila nauli; ukitoka nje ya London hayo unayaacha nyuma. Nje ya jiji chakula cha bure kwa wote ni cha madarasa matatu ya chini tu, wengine hutegemea kipato cha wazazi. Usafiri wa bure hupewa mwenye umri wa miaka 8 au zaidi iwapo skuli inayomfaa iliyo karibu kabisa iko mbali ya maili tatu. Ukiichagua ya mbali kwa hiari yako na ya karibu ina kiti, kwa kawaida utalipa mwenyewe. Wanaopokea msaada wa serikali wakumbuke pia kikomo chake: kwa viwango vya Aprili 2023, familia ya London ni pauni 25,323 kwa mwaka na nje ya London ni pauni 22,020. Kodi ndogo ya huko isikudanganye kabla hujatoa tofauti hiyo.

Mwisho kuna wale wanaoamua kumwacha mtoto mkubwa London amalize mitihani kwa "mama mdogo" au "shangazi". Kwa desturi yetu hilo halina mjadala. Sheria ya hapa hutazama nasaba kwa macho yake. Ndugu wa baba au mama wa kuzaliwa, hata wa kambo, na babu na bibi, ni jamaa wa karibu. Lakini binti ya ami yake mama, ambaye mtoto tangu azaliwe anamwita mama mdogo, kisheria si jamaa wa karibu. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa kwake siku 28 au zaidi, halmashauri ya mahali anapoishi lazima ijulishwe mapema, na ofisa wa ustawi wa jamii atakuja kuitazama nyumba. Si kesi wala fedheha, ni fomu na ziara. Anayenyamaza ndiye anayejitafutia maswali. Barua ya kuijulisha halmashauri huandikwa angalau wiki sita kabla ya mtoto kuhamia, na nakala moja ibaki kwa huyo mama mdogo.