Siki galoni 500 kwa mlo wa siku

Mwanamume wa kilo 70 anaweza kula kwa bei ndogo kiasi gani mwaka mzima bila kupungukiwa virutubisho? Mchumi wa Marekani, George Stigler, aliliuliza swali hilo mwaka 1945. Alichukua vyakula 77 na mahitaji 9 ya mwili, akachambua na kukisia, akafikia dola 39.93 kwa bei za 1939: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu. Hata mfungwa angegoma.

Stigler hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba hakuna mlo wa bei nafuu zaidi. Njia hiyo, iitwayo simpleksi, ilibuniwa mwaka 1947 na George Dantzig, mwanahisabati wa jeshi la anga la Marekani. Huanza na jibu linalotimiza masharti, kisha hubadilisha kitu kimoja kwa kingine, gharama ikishuka, mpaka pasiwe na badiliko lenye faida. Makarani tisa walilipigia hesabu swali la Stigler kwa mashine za mkono. Kazi ya siku 120 kama angeifanya mtu mmoja. Jibu: dola 39.69. Yule mkisiaji alipitwa kwa senti 24 tu!

Miaka michache baadaye daktari alimwambia Dantzig apunguze uzito. Akaiagiza kompyuta impangie mlo wa kumshibisha, shibe ikipimwa kwa uzito wa chakula ukiondoa maji. Ikampangia siki galoni 500, kwa kuwa kwenye data siki iliandikwa haina maji. Akaifuta. Zikaja kyubu za supu 200 kwa siku. Alikoroga nne katika kikombe cha maji moto, akatema: chumvi tupu. Kompyuta haikukosea, hakuna aliyeiambia kwamba chumvi ina kiwango. Hapo ndipo alipoanza kuweka ukomo wa juu kwa chakula kilichozidi. Zikafuata pumba, kisha molasi.

Siku hizi viwanda vya chakula cha mifugo hupanga michanganyiko yao kwa hesabu hizohizo. Kuku halalamikii ladha.

Dantzig naye alinusuriwa na mkewe, Anne, aliyeichukua kazi ya kumpangia mlo. Alipungua takriban kilo 10.